Ukuta Ukilowa, Nani wa Kusikilizwa?

Rangi ikianza kubambuka sehemu ya chini ya ukuta katika ploti ya Kawangware, Nairobi, ushauri hufika kabla mwenye chumba hajauomba. Jirani atasema ni bafu la upande wa pili linavuja. Keyateka, msimamizi wa ploti, atasema ni mpangaji mwenyewe, anapika ndani na kufunga dirisha mchana kutwa. Muuza hadiwea atauliza ukuta una futi ngapi, kisha ateremshe mkebe wa dawa kutoka rafu ya juu. Fundi atagonga ukuta kwa mpini wa mwiko, asikilize, aseme plasta yote itoke. Wote wanne wametazama ukuta mmoja, na kila mmoja ameona humo kitu anachokiuza au anachokikwepa.

Hapana sababu ya kuwaita waongo. Mafundi hodari na waaminifu wapo Kibera, wapo Kawangware, na wengi wao ndio waliojenga mitaa ya kifahari ya Lavington na Kilimani kwa mikono yao. Kinachokosekana ni mtu anayelipwa kwa kutazama tu. Katika mitaa hii jibu halina bei. Bei iko kwenye kazi inayofuata jibu. Ongeza hapo kwamba anayelala kando ya ukuta siye anayeumiliki, na anayeumiliki hajawahi kulala hapo, ndipo utaelewa kwa nini ukuta unaweza kupakwa dawa kila mwaka na bado ukalowa.

Tuanze na ukuta wenyewe, maana nusu ya ushauri mbaya hutokana na kutojua maji yanatoka wapi. Jiwe, udongo na simiti vyote vina vijitundu vyembamba visivyoonekana kwa macho. Ukuta ukikaa juu ya ardhi yenye maji bila kizuizi, maji hupanda ndani ya vijitundu hivyo kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Hupanda hadi pale yanapokauka kwa kasi ileile yanayopandia, na kwa kawaida kikomo hicho ni mita moja hivi kutoka sakafuni, mara chache mita moja na nusu. Yakikauka huacha chumvi yaliyoitoa ardhini, na hiyo ndiyo hujitokeza kama unga mweupe na mstari wa doa unaotambaa ukutani karibu sawasawa kutoka kona hadi kona.

Kizuizi chenyewe mafundi wa Nairobi hukiita DPC: ukanda wa karatasi ya lami unaotandazwa juu ya mawe ya msingi kabla ukuta haujaendelea, huku nailoni nzito ikitandazwa chini ya slabu, juu ya hadikoo iliyoshindiliwa. Uingereza ilianza kudai kizuizi cha namna hii katika kanuni zake za ujenzi miaka ya 1870, na kanuni za ujenzi za Kenya za 1968 ziliandikwa kwa mtindo huohuo. Bei ya karatasi hiyo ni kitu kidogo mno katika gharama za jengo la ghorofa. Mwenye jengo aliyeiruka hakushindwa na umaskini. Alijua tu kwamba haitaonekana siku ya kupangisha.

Kibera na Kawangware hutajwa pamoja kila mabanda yanapozungumzwa, lakini kwa habari ya unyevu ni dunia mbili. Kibera ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama makazi ya wanajeshi Wanubi wa King's African Rifles. Mpaka leo nyumba zake nyingi ni za fito na udongo zilizopigwa simiti kwa nje na kuezekwa mabati, na nyingine ni mabati matupu tangu chini hadi juu. Nguzo zimechomekwa ardhini moja kwa moja. Hakuna msingi wa mawe, kwa hiyo hakuna hata mahali pa kuilaza DPC. Vijiji vya bondeni kama Silanga na Soweto East vimeteremkia Mto Ngong na Bwawa la Nairobi, na chumba cha chini hupokea maji ya kila aliye juu yake.

Kawangware nako mabanda yapo, ila kinachozidi kuota Gatina na Kabiro ni majengo ya mawe ya ghorofa kadhaa, vyumba vya kupangisha vilivyopangwa kando ya ukumbi wenye giza. Mawe yake ni yale ya kukatwa kwa mashine yanayoletwa kutoka machimbo ya Ndarugu upande wa Juja, jiwe la volkano, laini kwa msumeno na lenye kiu. Chumba kinachoumwa ni cha chini, hasa kile kilichochongwa ndani ya mteremko, ambacho udongo wa nje kwa nyuma umepanda juu ya sakafu ya ndani. Hapo hata DPC iliyowekwa vizuri haisaidii, kwa sababu maji yanaiingilia kutoka juu yake.

Hiyo ni njia ya pili ya unyevu: maji yanayopenya kwa ubavu. Ya tatu ni kuvuja, iwe bomba ndani ya ukuta, bafu lisilo na mteremko mzuri, au paa lisilo na gata linalomwaga maji ya mvua mguuni pa ukuta. Ya nne ndiyo isiyotajwa na fundi yeyote, kwa kuwa haina kazi ndani yake. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kati ya Juni na Agosti jua huweza kujificha siku nyingi mfululizo. Chukua familia ya watu watano katika chumba cha futi 10 kwa 10. Wanapumua usiku kucha mlango ukiwa umekomewa. Wanachemsha maharagwe humo, wanaoga kwenye karai nyuma ya pazia, wanaanika sare za shule ndani kwa kuhofia wezi wa nguo. Mvuke wote huo ukigusa bati baridi au ukuta wa zege hugeuka matone. Wenyeji husema nyumba inatoa jasho, na wamesema kweli kuliko wauza dawa wengi. Baada ya wiki chache ukungu mweusi hutanda nyuma ya kabati na kwenye kona za dari, mahali ambapo maji ya ardhini hayawezi kufika hata yakitaka.

Nikilazimishwa kukisia, nitasema jasho hilo na mitaro mibovu ndivyo vinavyolowesha vyumba vingi zaidi katika mitaa hii miwili kuliko maji yanayopanda. Lakini kinachouzwa karibu daima ni tiba ya maji yanayopanda.

Liko pia jambo moja la chumvi ambalo mshauri wa kweli wa Kibera hana budi kulijua. Ardhi iliyosongamana vyoo vya shimo na mitaro wazi ya majitaka hujaa naitreti na kloraidi za mkojo. Ulaya tatizo hili hukutwa zaidi kwenye mazizi ya zamani yaliyogeuzwa makazi. Kwetu liko chini ya vitanda vya watoto. Maji yakipanda huzibeba chumvi hizo hadi ndani ya plasta, nazo zina tabia ya kuvuta maji kutoka hewani. Ukuta ulioshiba naitreti utalowa kila hewa inapokuwa nzito, hata baada ya ardhi chini yake kukauka kabisa. Mtu anaweza kukata chanzo kwa kazi safi, akaona doa limerudi, akamfukuza fundi aliyemwambia kweli na kumwita aliyemdanganya.

Sasa tuwatazame washauri mmoja mmoja, tukiuliza kila mmoja anakula wapi.

Fundi wa mtaa hulipwa kwa siku au kwa kipande cha kazi. Kumwambia mwenye ploti asifanye lolote hadi masika yapite hakumpi hata nauli ya matatu. Mwenye ploti naye anataka chumba kiwe kimekwisha kabla ya mpangaji mpya kuingia tarehe mosi. Kinachonunuliwa baina yao, kwa hiyo, ni mwonekano: plasta mpya yenye simiti nyingi iliyochanganywa poda ya kuzuia maji, juu yake niru, juu yake rangi ya mafuta hadi usawa wa kiuno. Kwa miezi michache ukuta unapendeza. Maji yaliyonyimwa pa kutokea chini huendelea kupanda, na msimu ujao doa huonekana juu ya mpaka wa rangi ya mafuta, mahali ambapo zamani palikuwa pakavu.

Na miezi hiyo michache ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Nairobi hupata mvua za masika kati ya Machi na Mei na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Kila tiba ya unyevu inayofanywa Januari hufaulu. Hufaulu hata kama ni maji ya chokaa yaliyopakwa kwa ufagio, maana Januari na Februari ukuta ungekauka wenyewe. Tiba ya jasho inayofanywa Agosti nayo hufaulu, kwa kuwa Septemba jua linarudi. Jirani anayesema “huyo fundi alikuja kwangu na ukuta ukapona” anaeleza alichokiona kwa macho yake, na bado ushahidi wake hauna uzito mpaka umwulize ni mwezi gani na umepita msimu gani wa mvua tangu hapo. Sifa za mafundi wa unyevu zimejengwa na kalenda kuliko mikono yao. Yapo magonjwa mengi yanayopona yenyewe ambayo waganga wamejipatia jina kwayo, lakini tusiwachokoze waganga.

Muuza hadiwea ni mshauri anayesikilizwa sana, hasa kwa kuwa ushauri wake ni wa bure. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya kwenye mkebe inashuhudia kilichomo ndani ya mkebe. Haisemi lolote kuhusu kama ukuta wako unauhitaji. Mtu akinunua dawa halisi, yenye alama halali, na kuipaka kwenye ukuta unaoloweshwa na bomba, amepoteza fedha kwa bidhaa bora. Siku hizi kuna pia mtindo wa kufunika: bodi za gipsamu, paneli za plastiki, karatasi za maua za kubandika ukutani. Anayeziuza hatibu kitu, anaweka pazia. Nyuma ya pazia hilo ukungu unapata giza na utulivu, na gipsamu yenyewe hunywa maji ikalainika.

Simu nayo imekuwa mshauri. Video za matengenezo zinazopendwa ni za Uingereza, Marekani na India, na nyingi zinahusu nyumba za matofali zenye kuta pacha, mifumo ya kupasha joto na mashine za kunyonya unyevu zinazotumia umeme mchana na usiku. Hata hivyo Uingereza ina funzo moja la kuazima, nalo halihusu dawa, linahusu ugomvi. Kwa miongo mingi kampuni za huko zimekuwa zikituma mkaguzi bila malipo. Huyo huugusa ukuta kwa kijichombo chenye pini mbili, taa nyekundu ikiwaka humwandikia mwenye nyumba kazi ya kutoboa na kudunga kemikali. Kijichombo hicho hupima jinsi umeme unavyopita, na kilitengenezewa mbao. Chumvi ukutani hukiwasha kama maji yanavyokiwasha. Jeff Howell, mwashi aliyefundisha ujenzi katika South Bank University ya London, alijenga nguzo za matofali na kuzisimamisha ndani ya maji, na aliposhindwa kuyafanya maji yapande alivyotarajia akaandika kitabu mwaka 2008 akidai kwamba unyevu unaopanda ni hekaya. Wataalamu wengine walimpinga, na mimi naona alivuka mpaka, kwani maji hupanda kweli katika kuta za udongo na mawe yanywayo maji. Lakini alikuwa na haki juu ya jambo moja: ukaguzi wa bure hulipwa na kazi utakayoambiwa uifanye.

Huko huko Uingereza kuna kisa kinachopaswa kumzuia mtu kama mimi asiishabikie mno hoja ya jasho. Desemba 2020 mtoto Awaab Ishak, wa umri wa miaka miwili, alifariki Rochdale. Wazazi wake walikuwa wametoka Sudan. Baba alilalamikia ukungu tangu 2017 akaambiwa apake rangi juu yake. Shirika lililomiliki nyumba lilidhani mtindo wa maisha wa familia ndio uliosababisha, na baadaye likakiri kwamba dhana hiyo ilikuwa makosa. Mwaka 2022 mchunguzi wa vifo aliamua kuwa mtoto aliuawa na maradhi ya kupumua yaliyotokana na kuishi muda mrefu katika ukungu, na mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria inayowabana wenye nyumba za kijamii kushughulikia malalamiko kwa muda maalumu. Keyateka wa Kawangware anayesema “mnapika ndani” anaweza kuwa amepatia kuhusu mvuke. Lakini aliyejenga chumba kisicho na tundu la hewa, kisicho na jiko la pamoja wala kamba salama ya kuanikia, ndiye aliyeamua wapangaji wapike na kuanika wapi. Ushauri unaomtaka mpangaji afungue dirisha linalotazama ukuta wa jirani umbali wa mkono mmoja haujamaliza kazi yake.

Wapo washauri wasio na bidhaa. Afisa wa afya ya umma wa kaunti hauzi dawa wala plasta, na Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, inampa nguvu ya kuamuru hali inayohatarisha afya ndani ya makazi irekebishwe. Kwa kipimo changu cha nani anakula wapi, yeye ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kuitwa. Haitwi, na sababu inaeleweka. Sehemu kubwa ya Kibera imesimama juu ya ardhi ya serikali. Mwenye nyumba anamiliki kuta na bati, hana hati ya kiwanja. Kumwalika mtu wa kanjo, yaani wa serikali ya kaunti, aje kutazama unyevu ni kumkaribisha atazame na mengine. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliongeza hofu hiyo: serikali iliamuru watu waondoke ndani ya mita 30 kutoka mito, na tingatinga zikafuata. Mkazi wa kando ya Mto Ngong anayelalamika rasmi kwamba sakafu yake imelowa anajua kwamba jibu la dola linaweza kuwa kumwondolea sakafu yote.

Wataalamu waliosajiliwa wako mbali kwa namna nyingine. Mhandisi na msanifu majengo wana bodi zao. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2011, husajili makandarasi na kuwatambua mafundi, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani huwatahini mafundi kwa madaraja. Vyeti hivyo vina maana, na fundi anayevionyesha ana kitu cha kupoteza akikuharibia. Ila cheti cha uashi kinathibitisha kwamba mtu anajua kujenga, na kujua ukuta unaugua nini ni ujuzi mwingine. Mahali ninapopaona pana nafasi isiyotumika ni vyuo. Kabete National Polytechnic, iliyoanza 1924, iko jirani kabisa na Kawangware, na hufundisha ujenzi. Mwalimu au fundi sanifu wa chuo kama hicho akilipwa na wapangaji kumi wa ploti moja kwa saa moja ya kutazama, kwa makubaliano ya wazi kwamba yeye hatapewa kazi itakayofuata, gharama kwa kila chumba inaweza kuwa chini ya bei ya mkebe mmoja wa dawa. Sharti la mwisho ndilo lenye thamani. Ukimwambia mtazamaji mapema kwamba hatauza chochote, unapata mtazamaji wa aina nyingine.

Kabla ya kumlipa yeyote, mpangaji anaweza kupunguza mashaka mwenyewe. Kata kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa chumbani, hiyo ni hewa ya ndani. Yakitokea nyuma ya nailoni, ukuta wenyewe una maji. Inua kapeti ya plastiki kwenye kona: sakafu ikiwa nyeusi na yenye harufu chini yake ilhali ukuta ni mkavu, tatizo ni slabu isiyo na nailoni. Tazama ukuta wa katikati ya jengo usiogusa nje. Ukilowa chini sawa na kuta za nje, maji yanapanda. Ukiwa mkavu, shuku ubavu au mtaro. Doa la mviringo lililo juu ya kiuno si maji ya ardhini. Ukiweza kufunga mabomba yote usiku na sindano ya mita bado inatambaa, umeshapata jibu bila fundi. Na kitu rahisi kuliko vyote: chora mstari wa penseli kwenye mpaka wa doa na uandike tarehe. Mstari wa Januari ukilinganishwa na wa Mei unasema mengi kuliko mazungumzo ya mchana mzima, na fundi anayekuta mistari hiyo ukutani hubadilisha lugha.

Kuhusu tiba, nitasema machache, kwa kuwa utambuzi ukiwa sahihi tiba nyingi ni za jembe. Udongo wa nje ushushwe chini ya sakafu ya ndani angalau kwa kina cha jiwe moja. Gata iwekwe. Ukanda wa zege wenye mteremko uzunguke mguu wa ukuta upeleke maji mtaroni. Kibera jambo hili halimalizwi na chumba kimoja, maana maji ya kichochoro ni ya kichochoro kizima. Ndiyo maana kazi za mitaro na maeneo ya wazi kandokando ya mito kama zile za shirika la Kounkuey Design Initiative, au mabomba ya maji ya shirika la SHOFCO yaliyopitishwa juu ya nguzo badala ya kutambazwa kwenye matope, zimetibu pengine kuta nyingi kuliko dawa yoyote ya mkebe, ijapokuwa hakuna aliyezitangaza kama tiba ya unyevu.

Ukuta wa udongo haupendi koti la simiti. Simiti hupasuka kwa nyufa nyembamba, maji huingia, hayatoki, fito zinaoza ndani huku uso wa nje ukionekana imara. Waashi wa Lamu na Zanzibar walijenga kwa matumbawe na kuzifunika kuta zao kwa chokaa, ambayo huacha ukuta utoe maji. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, umeteseka kila ulipokarabatiwa kwa simiti. Chokaa hutengenezwa nchini, Koru kwa mfano, na inaweza kutumika kwenye ukuta wa udongo wa Kibera. Fundi wa Nairobi anayeikataa mara nyingi hakatai kwa ubaya; hakufunzwa kuitumia, na inataka subira ambayo malipo ya siku hayairuhusu.

Kuna ushauri mmoja ambao ukisikika mtu atoke mbio. Katika nyumba ya chini isiyo na ghorofa, DPC iliyosahauliwa inaweza kuingizwa kwa kukata mawe ya ukuta kipande kwa kipande na kuyarudisha. Katika jengo la ghorofa tano, fundi anayependekeza kufanya hivyo bila mhandisi anacheza na kitu kinachobeba watu mia. Aprili 29, 2016 jengo la ghorofa kando ya mto huko Huruma liliporomoka usiku wa mvua kubwa, wakafa watu wapatao 50. Chuma kikionekana kimeshika kutu ndani ya nguzo iliyolowa, au nyufa zikipanuka pamoja na doa, swali limeshatoka kwenye rangi na ukungu. Vivyo hivyo kwa yule anayemshauri mpangaji akaushe chumba kwa jiko la makaa usiku mlango ukiwa umefungwa: gesi isiyoonekana inaweza kumwua kabla ukuta haujakauka.

Kisheria mpangaji ana karata, ingawa ndogo. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inataja haki ya makazi ya kutosha na viwango vya kuridhisha vya usafi. Kanuni mpya za ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025, zimechukua nafasi ya zile za 1968. Mahakama ya kodi za nyumba chini ya Sura 296 husikiliza mizozo ya makazi ya kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa enzi nyingine. Vyumba vya mabati vya Kibera huenda vikaingia humo, chumba cha mawe cha Kawangware kwa kawaida hakiingii. Kwa hiyo aliye na ukuta unaotibika kisheria ndiye mara nyingi hana mahakama hiyo, na aliye na mahakama hiyo ana ukuta usio na hati.

Linabaki suala la muda, na hapa ndipo ushauri mzuri hushindwa hata unapokubalika. Kanuni ya mkono ya waashi ni kwamba ukuta uliolowa hukauka takriban inchi moja kwa mwezi. Jiwe la inchi 9 linataka karibu miezi tisa. Kazi inayofaa ingekuwa hivi: Januari kata mtaro, shusha udongo wa nje, bandua plasta iliyojaa chumvi hadi mita moja na uitupe mbali, kisha uache mawe uchi yapite masika na baridi ya Julai bila kuguswa. Unyevu wa mawe usipovuka mstari mpya wa penseli, plasta nyepesi ya chokaa iingie Septemba. Mwenye ploti atakataa, kwa kuwa hakuna atakayepanga chumba chenye ukuta uchi kwa bei kamili. Fundi atakataa, kwa kuwa kazi imekatwa vipande viwili na cha pili kiko mbali. Anayeweza kuwakubalisha ni mpangaji aliyepo tayari. Anajua kwamba chumba kikitangazwa upya kitapakwa niru wiki ileile, na anaweza kukaa na mawe uchi miezi minane kwa punguzo la kodi la kila mwezi lililoandikwa kwenye kitabu cha risiti, fundi akilipwa sehemu yake ya kwanza Januari na ya pili baada ya mvua. Punguzo hilo mwenye ploti alilinganishe na gharama ya simiti, poda, rangi na vibarua anayoitoa kila mwaka kwa ukuta uleule.